Mnyoo njo anaua, ao bakteria yenye iko ndani yake?

Wasomi wenzangu, ukitaja nematodi mbele ya mwanafunzi wa agronomia, anawaza tu vifundo kwenye mizizi ya nyanya. Kweli, zile ni adui. Lakini kuko zingine zenye hazigusi mmea hata kidogo: kazi yao ni kuua wadudu. Na siri ya nguvu yao iko tumboni.

Mnyoo Steinernema anatembea na bakteria Xenorhabdus ndani ya utumbo. Heterorhabditis yeye anabeba Photorhabdus. Mnyoo mchanga anangoja udongoni bila kula. Akipata mdudu, anaingia kwa mdomo, kwa tundu la haja ao kwa matundu ya kupumulia, kisha anaachilia bakteria katika damu. Zinazaana, zinatoa sumu, na kwa siku 2 hivi mdudu amekufa.

Hapo bakteria zinageuza maiti kuwa chakula, tena zinatoa antibiotike ili vijidudu vingine visiiozeshe. Mnyoo anakula ile supu pamoja na bakteria zenyewe, anazaa. Chakula kikiisha, watoto wanabeba bakteria na kutoka kwa maelfu. Mnyoo ni gari, bakteria ni silaha. Kila mmoja anamhitaji mwenzake. Hata hospitali zinaweza kufaidika: darobactin, antibiotike iliyotangazwa mwaka 2019, ilitoka kwa Photorhabdus.

Inatuhusu nini? Mkulima wetu ananunua dawa ya sumu kila msimu, mara nyingi bila hata glavu. Kule Rwanda, watafiti walishatangaza mwaka 2016 kwamba minyoo hii iko katika udongo wao. Udongo wa Kivu ni jirani. Nani ataitafuta?

Njia ya kuanza ni rahisi, inafaa kabisa kwa TFC:

1. Chota udongo wenye unyevu, sentimita 20 hivi chini, tia ndani ya kopo.
2. Weka viwavi vya nondo wa nta, wale wanaoharibu masega ya nyuki. Funika, weka kwenye giza.
3. Kagua kila siku 2. Kiwavi kikifa bila kunuka vibaya, kikageuka chekundu kama tofali, shuku Heterorhabditis.
4. Weka maiti juu ya karatasi bichi iliyozungukwa na maji. Ndani ya wiki 2 minyoo itaogelea humo.
5. Jaribu ile minyoo kwa viwavi vizima. Vikikufa vilevile, uko na ushahidi.

Wakati wa kupuliza shambani, chagua jioni: jua kali linaiua minyoo haraka.

Wewe mwenye unatafuta sujet ya mwaka huu, anzia hapo.