Furaha ya Mtu Aelewaye Asomacho

Ndugu msomaji, Biblia yako iko wapi sasa? Pengine imefunikwa kitambaa safi, yangoja Jumapili. Pengine waisoma kila jioni, lakini ukiifunga moyo wako ni mzito kama kwanza. Usikate tamaa, wala usidhani kuwa furaha ya Mkristo ni ya watu wengine. Huenda umekosa jambo moja tu, nalo ni kuelewa.

Katika Nehemia, sura ya 8, Ezra aliwasomea watu Torati tangu alfajiri hata adhuhuri, na Walawi wakawaeleza maana yake. Kwanza watu walilia. Kisha wakala, wakawagawia wasio na kitu, wakafurahi sana. Sababu yake ni kwamba waliyaelewa waliyosomewa.

Hata kwetu kusini jambo hili limetokea. Zamani watu wengi wa pande za Ruvuma walitekwa wakauzwa. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alijifunza Kiswahili akatafsiri Maandiko. Mwaka 1876 alikuja na watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakaenda kwa miguu hata Masasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa angali mtoto, alitumwa Chitangali mwaka 1886 kufundisha, na mwaka 1890 akapewa upadre. Fikiri, msomaji: mtu aliyeuzwa kama mbuzi asoma, kwa lugha aijuayo, kwamba Kristo amemweka huru. Je, asifurahi?

Nawe wafanyaje? Wavuvi wa Msimbati na mlango wa Ruvuma wajua kuwa maji yakijaa, mikoko huonekana majani tu. Yakipwa, ndipo uonapo mizizi, na kaa wakitembea topeni. Apitaye upesi hayaoni hayo. Basi usikimbie sura tano kwa usiku mmoja. Soma aya chache, ujiulize: Ni nani asemaye? Asema na nani? Yanipasa kufanya nini?

Usipoelewa, usione haya kumwuliza padre au katekista. Yule towashi wa Kushi, katika Matendo sura ya 8, alikuwa mtunza hazina wa malkia, lakini alikiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda garini, akamweleza habari za Yesu. Towashi akabatizwa, akashika njia yake kwa furaha.

Tena, uliyoyaelewa waeleze watoto wako, kwa Kiswahili au kwa Kimakonde. Anayemweleza mwenzake huelewa mara mbili.

Furaha hii si kicheko. Bei ya korosho yaweza kushuka, nyavu zaweza kurudi tupu, na mgonjwa akalala ndani. Lakini aelewaye ahadi ya Mungu ana mahali pa kusimama siku hiyo.

Leo jioni, basi, kiondoe kile kitambaa. Waite wa nyumbani mwako, msome Nehemia sura ya 8 polepole, na kila mmoja aseme alichokielewa.