Maharagwe Yanasingiziwa

Katika kila shule ya bweni niliyopata kuifahamu, ipo orodha ya wanafunzi wa mlo maalumu. Hawa hawali maharagwe wala githeri pamoja na wenzao. Hupewa wali na viazi kwa kuwa matumbo yao, kama isemwavyo, yana asidi. Anayeingia katika orodha hiyo mwaka wa kwanza aghalabu hutoka humo siku anapomaliza shule. Muda wote huo hakuna amwulizaye amepimwa nini.

Hilo ndilo linalonikera. Maumivu ya mwanafunzi huyo ni ya kweli, wala simwiti mtoro wa githeri. Ila maharagwe yanabebeshwa lawama isiyo yao. Chakula huweza kuuchokoza utando wa tumbo uliokwisha kuvimba. Kuuvimbisha miaka nenda miaka rudi ni kazi ya mwingine.

Mwingine huyo, mara nyingi, ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba bakteria hawawezi kustawi katika asidi ya tumbo, na lawama zikaangukia wasiwasi na pilipili. Huko Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall hawakuridhika. Mnamo 1984 Marshall alikunywa mchuzi uliojaa bakteria hao. Siku chache baadaye akaanza kutapika, na alipochunguzwa kwa mrija wenye kamera, utando wa tumbo lake ulionekana umevimba. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Sielewi kwa nini kisa hiki hakisimuliwi katika kila somo la baiolojia.

Aghalabu bakteria huyo huingia mwilini utotoni, na wengi walio naye hawahisi lolote. Ndiyo sababu kukisia hakufai. Hupimwa kwa choo au kwa pumzi. Tiba yake huwa viuavijasumu viwili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Lakini siku ya tano maumivu hutulia, na dawa zilizosalia husahauliwa sandukuni. Bakteria wanaonusurika huweza kuwa sugu, na ugonjwa hurejea muhula ufuatao. Hata aliyemaliza dozi yapasa apimwe tena, angalau majuma manne baadaye, ajue kama amepona.

Sisi walimu tuna mshtakiwa wetu wa pili. Kichwa kikituuma baada ya kusahihisha mitihani, tunameza ibuprofeni au diklofenaki kwa chai ya rangi, tumbo likiwa tupu. Dawa hizo huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoulinda utando wa tumbo. Jioni tunanunua vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi. Mfuko mmoja wa koti, dawa mbili zinazopigana!

Kwa walezi wa mabweni napendekeza hivi: jina la mwanafunzi likikaa mwezi mmoja katika orodha ya mlo maalumu, mzazi aombwe matokeo ya vipimo. Lakini anayetapika damu, au anayepata choo cheusi kama lami, asisubiri mwezi huo. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.