Maji Yaliyomo Tumboni Mwa Mzee Hupimwaje?

Kila mmoja wetu amewahi kumeza kidonge. Wazee wetu humeza vingi zaidi. Kuna cha presha, kuna cha sukari, kuna cha maumivu ya viungo. Wengine hukimeza kwa mate tu. Wengine hukisukuma kwa funda moja la maji, kisha hujilaza.

Je, kidonge hicho kikifika tumboni kinakuta maji ya kutosha kukiyeyusha? Swali hili laonekana dogo, lakini wataalamu wa nchi mbalimbali wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Kidonge kisipoyeyuka, dawa haiingii katika damu. Dawa isipoingia katika damu, mgonjwa hapati nafuu ingawa amemeza.

Leo tutaeleza jinsi maji yaliyomo tumboni yanavyopimwa bila kumpasua mtu, na kwa nini ni lazima wazee nao wapimwe.

NUSU DEBE KWA SIKU

Tuanze na safari ya chakula. Chakula hutoka kinywani, hupita kooni, huingia katika mfuko wa chakula, halafu huingia katika utumbo mwembamba. Mwisho huingia katika utumbo mpana.

Njia yote hiyo ina majimaji. Kinywa hutoa mate, lita moja au zaidi kwa siku. Mfuko wa chakula hutoa majimaji makali, kiasi cha lita 2. Ini hutoa nyongo. Kongosho na kuta za utumbo nazo hutoa maji yake. Ukijumlisha na maji, chai na uji tunaokunywa, unapata kiasi cha lita 8 au 9 kwa siku. Hiyo ni karibu nusu debe!

Basi mbona tumbo halijai likapasuka? Ni kwa sababu utumbo huyanyonya maji hayo na kuyarudisha katika damu. Yanayotoka na choo kwa mtu mwenye afya ni machache sana, hayajazi hata kikombe kimoja cha chai.

Tumbo basi ni kama mtungi uliotoboka. Maji yanaingia juu, yanatoka chini. Ukitaka kujua mtungi huo una maji kiasi gani saa hii, huwezi kuhesabu ndoo zilizomiminwa tangu asubuhi. Ni lazima uchungulie ndani.

KUCHUNGULIA BILA KISU

Njia ya zamani ni kumpitishia mtu mpira mwembamba puani mpaka tumboni, na kuyavuta maji. Njia hiyo inasumbua. Tena huwezi kuwa na hakika kwamba umeyavuta yote.

Siku hizi kuna mashine inayoitwa kwa kifupi MRI. Hapa kwetu imo katika hospitali kubwa, kama ile ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mashine hii si eksirei. Haitumii miali ya eksirei. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio.

Hufanya kazi hivi. Ndani ya kila tone la maji mna chembe ndogo sana za hidrojeni. Kila chembe ina tabia ya sumaku. Mtu akilazwa ndani ya ile sumaku kubwa, chembe hizo hujipanga. Mashine hutuma mawimbi ya redio, chembe huyumba. Zikirudi mahali pake hutoa mawimbi hafifu. Mashine huyanasa, kama redio yako inavyonasa matangazo, na kompyuta huyageuza kuwa picha.

Wataalamu wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi hii. Mmoja ni Paul Lauterbur wa Marekani, ambaye alitoa picha zake za kwanza mwaka 1973. Wa pili ni Peter Mansfield wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Mwaka 1978 Mansfield aliingia mwenyewe ndani ya mashine ili tumbo lake lipigwe picha.

HESABU YA MAJI

Picha hizo hupigwa vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mafundi huipanga mashine ili maji yang'ae meupe, na nyama iwe nyeusi. Kisha huhesabu sehemu nyeupe katika kila kipande.

Hesabu yenyewe tunaijua kutoka darasani. Tukipima shamba, tunazidisha urefu kwa upana. Hapa tunazidisha tena kwa unene wa kipande. Tuseme doa jeupe lina urefu wa sentimita 3 na upana wa sentimita 1. Tuseme unene wa kipande ni sentimita 1. Tatu mara moja mara moja ni 3. Basi doa hilo ni mililita 3 za maji. Wakijumlisha madoa yote ya vipande vyote, wanapata maji yote. Kumbuka kwamba kijiko kidogo cha chai huchukua mililita 5.

WALIKUTA NINI?

Mwaka 2014 wataalamu wa Uingereza na Marekani walitoa matokeo ya watu wazima 12 wenye afya. Watu hao walikuwa hawajala. Mfuko wa chakula ulikuwa na wastani wa mililita 35 tu, yaani vijiko 7 vya chai. Utumbo mwembamba wote, ambao ni mrefu kupita mtu mzima, ulikuwa na mililita 43.

Kisha kila mtu alikunywa bilauri moja ya maji, mililita 240. Baada ya dakika 13 hivi, nusu ya maji hayo ilikuwa imekwisha kutoka katika mfuko wa chakula. Baada ya dakika 45 yote yalikuwa yametoka. Lakini katika utumbo mwembamba zilionekana mililita 77 tu. Mengine yalikuwa yamekwisha kunyonywa.

Jambo jingine liliwashangaza wengi. Maji hayo hayakuwa kama mto unaotiririka. Yalikuwa kama madimbwi baada ya mvua. Madimbwi yalikuwa kama 16, na kila moja lilikuwa na maji ya kujaza kijiko kimoja cha chai.

Kabla ya hapo, mwaka 2005, wataalamu wa Ujerumani nao walitoa vipimo vya watu 12. Waliwameza vidonge vya ganda vinavyoonekana katika picha. Vidonge vingine vilikutwa ndani ya dimbwi, na vingine vilikutwa mahali pasipo maji. Tena watu hawakulingana. Wakiwa na njaa, mmoja alikuwa na mililita 45 katika utumbo mwembamba, na mwingine alikuwa na 319.

Kumbe watu wawili wanaweza kumeza kidonge cha aina moja, saa moja, na kila kidonge kikakuta hali yake.

KWA NINI WAZEE?

Vipimo vingi vya namna hii hufanywa kwa watu wenye afya nzuri, na mara nyingi ni vijana. Lakini wanaomeza vidonge vingi ni wazee. Je, ni haki kupima tumbo la kijana, kisha kuamua juu ya dawa ya babu? Hapana. Mwili wa mzee una mambo yake.

Kwanza, dawa nyingi wanazotumia wazee hukausha mate. Pili, figo za mzee hazizuii maji mwilini kama zamani. Tatu, mzee hasikii kiu upesi. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza walitoa matokeo ya wanaume wazee 7 na vijana 7. Wote walikaa saa 24 bila kunywa maji. Baadaye waliruhusiwa kunywa wapendavyo. Wazee walisikia kiu kidogo kuliko vijana, na wakanywa maji machache, ingawa miili yao ilikuwa inayahitaji.

Ndiyo maana wataalamu wanataka kuwapima wazee wenyewe. Wakijua maji yaliyomo tumboni mwa mzee, watengenezaji wa dawa wataweza kutengeneza vidonge vinavyoyeyuka katika maji hayo machache.

Kazi hiyo si rahisi. Anayepimwa hulala chali bila kujitikisa, na mara kwa mara huambiwa azuie pumzi kwa sekunde kadhaa. Mzee mwenye mgongo mbovu au kifua hushindwa. Mwenye chombo cha kusaidia moyo kilichotiwa kifuani, au chuma mwilini, ni lazima aseme kwanza, maana sumaku yaweza kumdhuru. Mashine hupiga kelele nyingi, hivyo mtu huzibwa masikio. Mwenye ugonjwa wa sukari asikae na njaa bila daktari kujua. Na mtu hapimwi kwa utafiti mpaka aelezwe na akubali kwa hiari yake.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Hatuna haja ya kungoja mashine. Tumekwisha jifunza kwamba tumbo lenye njaa lina maji machache sana. Kwa hiyo maji ya kumezea dawa si pambo. Ni sehemu ya dawa.

1. Meza kidonge kwa bilauri nzima ya maji safi, si kwa mate.

2. Meza ukiwa umekaa wima au umesimama. Usijilaze upesi. Kaa nusu saa hivi. Vidonge vingine, kama doksisaiklini, vikikwama kooni huchoma na kutoa kidonda.

3. Fuata maagizo ya chakula. Dawa nyingine humezwa kabla ya kula na nyingine baada ya kula. Ukisahau, rudi zahanati ukaulize.

4. Usiponde wala kupasua kidonge bila kuuliza. Vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole.

5. Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyeambiwa apunguze maji afuate alivyoambiwa. Amwulize mganga kiasi cha maji ya kumezea dawa.

Wazee wengine hukataa maji ya usiku kwa sababu choo kiko mbali na kuna giza. Sababu hiyo ni ya kweli, tusiwacheke. Tumwulize mganga kama dawa ya usiku yaweza kumezwa mapema, kabla jua halijazama. Tena tuwapelekee maji tusingoje waombe. Mjukuu aseme, "Shikamoo bibi, maji yako haya, na dawa yako hii." Bibi hasikii kiu, lakini mwili wake unayataka maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tumbo halijai ingawa nusu debe ya maji hupita kila siku?

2. Doa jeupe katika picha lina urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 2. Unene wa kipande ni sentimita 1. Je, ni mililita ngapi za maji? Ni vijiko vingapi vya chai?

3. Katika nyumba yako, mzee humezaje dawa zake? Nani humpa maji?