Kongosho, Kiungo Kilichojificha Tumboni

Mchukuzi wa mizigo katika gati la Mbaraki, kisiwani Mombasa, akiumwa chini ya chembe cha moyo husema, "Ni chango tu," akanywa dawa, akarudi kazini. Pengine hakukosea. Lakini liko gonjwa jingine linaloanzia mahali hapo hapo, nalo yafaa kila mtu alifahamu: ugonjwa wa kongosho.

Kongosho ni kiungo laini, chenye urefu wa kadiri ya sentimita 15, kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kutoa maji yanayoyeyusha chakula utumboni. Ya pili ni kutia insulini katika damu. Insulini ikipungua, mtu hushikwa na ugonjwa wa kisukari.

Sehemu ya maarifa juu ya kiungo hiki ilipatikana karibu nasi, katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko madaktari walishughulika na watoto wenye unyafuzi, walioachishwa ziwa kisha wakalishwa ndizi au viazi bila maziwa ya kutosha. Mwaka 1948 Daktari J. N. P. Davies alieleza jinsi kongosho la mtoto aliyekufa kwa unyafuzi linavyosinyaa. Mwaka 1952 Daktari Thompson na Daktari H. C. Trowell waliyapima maji ya kongosho yaliyovutwa kwa mpira mwembamba kutoka utumboni mwa watoto wagonjwa, wakaona nguvu yake imepungua mno. Watoto waliponyweshwa maziwa, nguvu ile ilirudi. Basi hapo dawa ilikuwa chakula, wala kisu hakikuhitajika.

Saratani ya kongosho ni jambo jingine. Ikiota katika kichwa cha kongosho huziba mfereji wa nyongo. Macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka, ngozi huwasha na mwili hukonda, pengine bila maumivu yoyote. Mwaka 1935 Daktari Allen Whipple wa New York alieleza upasuaji wa kuondoa sehemu hiyo ya kongosho pamoja na kipande cha utumbo. Siku hizi wapasuaji huondoa vyote kwa mara moja, kisha huunganisha upya njia za nyongo na za chakula. Ni kazi ya saa nyingi, nayo hufaa tu iwapo ugonjwa haujaenea.

Kwa hiyo wakati ndio dawa ya kwanza. Mtu ambaye macho yake yamegeuka manjano, au ambaye maumivu ya tumbo yanampenya hadi mgongoni huku akitapika, asikae nyumbani akibadilisha mitishamba. Na aende hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ikawa ni kijiwe cha nyongo tu, ambacho chaweza kuondolewa. Kongosho hujificha; mgonjwa naye asijifiche. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.