Mwanya Kati ya Trela Mbili

Foleni ya malori ikitanda Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, mji hukatika vipande viwili. Kila trela husogezwa mpaka pua yake ikaribie kugusa mkia wa ile ya mbele, na katika upenyo unaobaki mtoto wa shule hupita ubavu, mkoba ameukumbatia kifuani. Mama mwenye karai la ndizi kichwani hapiti kabisa. Huambaa na magurudumu hadi apate nafasi, kisha hutokeza ghafla katikati ya lami asikoona kinachokuja.

Muulize dereva wa masafa marefu kwa nini haachi nafasi kidogo. Ukiacha, atakwambia, mwenzako atachomekea. Atakwambia pia kwamba hathubutu kwenda kula bila kumwacha utingo akilinda dizeli na mzigo. Kwamba usiku halali, maana foleni ikisogea naye amesinzia, zamu imekwenda. Kwamba choo ni cha kulipia au ni kichakani. Hana nia ya kumzibia mama yule njia. Amewekwa mahali ambapo uungwana humgharimu siku nzima.

Lori na nafasi yake huchukua takriban mita 20, hivyo kilomita 1 hujaa malori 50. Mwaka 2020, madereva walipopimwa korona mpakani, foleni ilifika makumi ya kilomita. Vituo vya pamoja vya forodha, kikiwemo cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, vimepunguza mizunguko ya karatasi. Lakini mtandao wa forodha ukikwama, kando ya barabara hugeuka maegesho, na Busia foleni huingia hadi mbele ya maduka.

Maegesho hayo ni ya nani? Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti maegesho. Barabara kuu iko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Anayetoza ada siye anayechora barabara.

Katika foleni hiyo mna matangi ya mafuta pia. Julai 2021, huko Malanga kwenye barabara ya Kisumu–Busia, lori la mafuta lilipinduka, likawaka na kuua watu zaidi ya 10. Zimamoto itapenya wapi?

KeNHA na Kaunti ya Busia, yenye miji yote miwili, waketi pamoja. Kila baada ya malori matano, wapake rangi mita 10 zisizoegeshwa, waweke taa na kivuko, na trafiki wailinde nafasi hiyo usiku na mchana. Kazi hii isingoje uwanja mpya wa malori.