Gari Linapokutana na Mlima wa Mirihi
Sehemu ya Pili

Pale njia panda ya Himo, asubuhi kabla wingu halijashuka, Kilimanjaro huonekana vizuri: Kibo yenye barafu yake, na Mawenzi iliyochongoka upande wa mashariki. Haisi zinazokwenda Marangu hupanda lami migombani kutwa nzima. Lami ikiisha langoni mwa hifadhi, mita 1,870 hivi juu ya usawa wa bahari, bado kuna zaidi ya mita 4,000 hadi kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Je, gari lingefika?

Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta ya anga za mbali wana jibu tayari. Katika Elite Dangerous, mchezo wa Uingereza ambao tangu mwishoni mwa 2015 humwezesha mchezaji kutua kwenye sayari na kuendesha kigari juu yake, milima mikubwa hupandwa kwa magurudumu. Siri, husema, ni mvuto mdogo.

Jibu hilo lina ukweli, lakini halijakamilika. Chukua sayari ya Mirihi: mvuto wake ni takriban asilimia 38 ya ule wa Dunia, hivyo nishati ya kuinua gari mita moja kule nayo ni takriban asilimia 38 ya ile inayohitajika hapa. Injini inapata nafuu. Tairi halipati. Msuguano unaolishikilia gurudumu ardhini hutokana na uzito wa gari lenyewe: uzito ukipungua, mshiko nao hupungua sawia. Kwa hiyo changarawe inayolitelezesha gari kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hapa kwetu italitelezesha karibu pembe hiyohiyo kule Mirihi. Hata pembe ya kupinduka haibadiliki. Wanafunzi wengi hulikataa jambo hili wanapolisikia kwa mara ya kwanza, nalo ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika somo la fizikia.

Ushahidi upo. Machi 2016, kigari Opportunity cha NASA kilijaribu mteremko wa nyuzi 32 huko Mirihi. Magurudumu yalizunguka kiasi cha kukisogeza mita 20 kama yasingeteleza. Kigari kikasogea sentimita 9 tu. Wahandisi wakaachana na njia hiyo.

Mwenzake, Curiosity, ndiye mpanda mlima hasa. Kilitua katika kreta ya Gale Agosti 2012, na Septemba 2014 kikafika chini ya Mlima Sharp, ambao kimo chake kutoka sakafu ya kreta ni kilomita 5 na ushei, karibu sawa na Kilimanjaro unapoupima kutoka Himo. Kina uzito wa kilo 899 kikipimwa hapa Duniani, magurudumu sita ya alumini, na mwendo usiozidi sentimita 4 kwa sekunde. Mawe makali yalianza kuyatoboa magurudumu hayo tangu 2013. Machi 2020 kikiwa njiani kupanda ukingo mmoja wa mawe, kiliinama nyuzi 31, na kikafika juu. Machi 2022 mawe yaliyochongwa na upepo yakakifanya kigeuke na kutafuta njia nyingine.

Hakuna dereva wa kukanyaga breki kwa wakati. Ishara ya redio huchukua dakika kadhaa kufika, hivyo amri hutumwa mapema na kigari hutekeleza chenyewe. Nguvu yake hutoka kwenye joto la plutoniamu, hakihitaji hewa. Hapo kinalishinda gari la dizeli, ambalo juu ya Kibo lingepata karibu nusu tu ya hewa inayopatikana pwani, nayo injini isiyo na turbo ingedhoofika vibaya.

Wala ukubwa wa mlima si ukali wa mteremko. Olympus Mons ya Mirihi ina kimo cha kilomita 22 hivi, lakini imetandaa upana wa kilomita 600. Mwinamo wake wa wastani ni nyuzi 5 tu. Kikwazo kikubwa ni magenge ya pembezoni.

Walimu wa Himo, Marangu na Mwika wanaweza kuonyesha kwamba pembe ya kuteleza haitegemei uzito, kwa ubao, matofali mawili na kipimapembe. Inueni ubao polepole hadi tofali lianze kuteleza, andikeni pembe. Kisha pandisheni tofali la pili juu ya la kwanza, mpime tena.