MAJI YA KIJITO YANA CHAKULA KISICHOONEKANA



Foleni ya bomba ikiwa ndefu, watoto wengine wanashuka bondeni, chini ya Kabuga, kujaza bidoni kwenye kijito. Tukiwauliza wanatujibu: "Mwalimu, tumeyachuja kwa kitambaa, yako safi." Kumbe sivyo.

Majani na mafunjo yakianguka majini, yanatoa utomvu kama majani ya chai ndani ya birika. Mvua nayo inaleta mwingine kutoka kwenye udongo wa mashamba. Kitambaa kinashika jani, lakini hakiwezi kushika sukari iliyokwisha kuyeyuka kwenye chai, si ndio?

Utomvu huo ni chakula cha bakteria. Hao ni wadogo sana: 1,000 wakipanga mstari wanafika kama milimita 1. Hawana mdomo, wanafyonza kilichoyeyuka kupitia ngozi yao. Wakishiba, mmoja anagawanyika kuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Wengi si adui zetu. Wanaliwa na viumbe vidogo, ambavyo vinaliwa na wadudu wa majini, na wadudu wanaliwa na samaki.

Darasani tulijaribu. Tulichukua chupa mbili za maji yaliyochemshwa na kupoa. Moja tulitia maji ya majani makavu, yaliyochemshwa na kuchujwa. Kila chupa tukaongeza kijiko kimoja cha maji ya kijito, tukafunika, tukaweka kivulini. Baada ya siku chache chupa yenye utomvu ilikuwa na ukungu na harufu. Ile nyingine ilibaki angavu. Watoto walishangaa!

Sasa hatari iko wapi? Kijito hicho hicho kinapokea vinyesi vya watu na mifugo, vyenye vijidudu vya kuhara, na pengine vya homa ya matumbo na kipindupindu. Kwa macho huwezi kuvitambua. Tena utomvu unamaliza nguvu ya klorini kabla haijaua vijidudu.

Basi wazazi, tuchuje, halafu tuchemshe mpaka maji yatokote kwa dakika 1 nzima. Lakini tukumbuke: moto unaua bakteria, chakula chao kinabaki mle mle. Mkono mchafu ukiingia, wageni wapya wanakuta meza imeandaliwa. Kwa hiyo tufunike chombo, tumimine, tusichote kwa kikombe.

Tuonane mwezi ujao.